Mwaka wangu wa safari zisizo na maiti: kwa nini hatutembei nchi yetu mpaka tufiwe?

#1 MwanaKilembe

Salaam wote, heri ya mwaka mpya wa 2025.

Mimi hutunza tiketi zangu za basi kwenye kopo la maziwa ya unga. Mwisho wa 2023 nilizimwaga mezani nikazihesabu: safari tisa kutoka Kampala. Saba za mazishi, moja ya lumbe, ile sherehe ya kumaliza matanga, moja ya kwanjula, utambulisho wa ndoa, ya binamu yangu. Haikuwepo hata moja niliyopanda basi kwa kutaka tu kuona mahali. Kati ya zile saba, moja ilikuwa ya kumzika baba. Mzee alichimba shaba Kilembe mpaka uchimbaji uliposimama. Alizaliwa chini ya Rwenzori akafia hapohapo, na hakuwahi kufika Katwe kuona chumvi inavyovunwa, ambako kwa gari si hata saa mbili.

Nikaweka nadhiri: 2024, kila mwezi safari moja isiyo na maiti ndani yake.

Nilianzia Katwe, Januari, kwa ajili yake. Mama mmoja alikuwa amesimama kwenye kiwanja chake cha chumvi, maji ya rangi ya kahawia yakimfika magotini, akikusanya chumvi kwa viganja kama anayeokota mchele uliomwagika. Miguu yake ilikuwa imepauka kwa ukoko mweupe. Nikamsalimia kwa Lukonzo. Akanyooka, akanitazama kwa huruma, akauliza: "Pole mwanangu, umefiwa na nani huku?"

Swali lile limenikaa mwaka mzima. Februari nilikwenda Kasubi kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, Aprili nilisherehekea Idi na rafiki yangu Bombo, Juni Namugongo, Agosti Mutoto kuona imbalu, tohara ya vijana wa Kigisu, ikifunguliwa, Septemba Fort Portal kwenye Empango, kumbukumbu ya kutawazwa mfalme wa Toro, Oktoba Jinja, Novemba Masaka kula panzi waitwao nsenene. Miezi mingine nilikwenda karibu tu, Mpigi na Entebbe. Karibu kila nilipofika niliulizwa nani amekufa, au nani anaoa.

Kwa nini sisi Waganda tuko hivi? Nataka majibu ya watu waliofikiri.

#2 BusiaMpakani

Kwanza ndugu, ukisema "Waganda" watu wa Mengo, makao ya ufalme wa Buganda, watadhani unawasema wao peke yao. Mimi ni Msamia, na jirani yangu Mteso hakubali kuitwa Mganda hata umpe ng'ombe.

Pili, jibu ni jepesi: pesa. Ukifiwa kijiji kinachanga, kazini wanachanga, mtu anatoa gari. Ukisema unakwenda Kidepo kuangalia twiga, nani atakuchangia? Nauli, chakula, malazi, vyote ni mfuko wako.

#3 HajatiWaBombo

Aleikum salaam mwanangu, na pole ya mzee, Mungu amrehemu.

Mimi sikubaliani na swali lenyewe. Umezitoa safari za mazishi kwenye hesabu kama vile hazikuwa safari. Mimi Mnubi, jamaa zangu wametapakaa Arua, Gulu, Hoima, hata Kibera ya Nairobi. Mwaka 2019 tulikwenda kumzika shangazi Arua. Tulipovuka Karuma nyani wakatuzingira, na kabla ya Pakwach tembo watatu walikuwa kando ya lami wakila majani. Kisha daraja la Pakwach, Nile imetanda, wajukuu wote madirishani. Tulilia kwenda na tulicheka kurudi. Mtu aniambie ile haikuwa safari!

Nchi hii mimi nimeionyeshwa na wafu wangu. Nawashukuru.

#4 AfandeMstaafu

BusiaMpakani, pesa ni sehemu tu. Wenye pesa nao walikaa nyumbani. Vijana hamkumbuki vizuizi vya barabarani. Miaka ya 1970 mwishoni na 1980 yote, ukisafiri kutoka Kampala hadi Masindi ulihesabu magogo yaliyolazwa barabarani. Kila gogo unashuka, unatoa kitambulisho, unaulizwa unakwenda wapi na kwa nini. Jibu lililokupitisha salama lilikuwa moja: "Nakwenda kuzika." Mwenye kusema anakwenda kutembea alionekana jasusi.

Nasema hivi kwa sababu nilikuwa upande wa pili wa gogo. Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata jeshini. Kaskazini hali hiyo iliendelea mpaka karibu 2006. Mzazi aliyepita humo hawezi kumwambia mtoto "twende tukatembee". Atamwambia "kaa nyumbani". Yule mama wa Katwe hakukushangaa wewe, alikuulizia sababu kama gogo lilivyotufundisha sote.

#5 MwalimuElgon

Afande, hilo la gogo sikuwahi kulifikiria. Asante.

Lakini mimi naona lawama iko kwetu walimu. Mtoto wa Uganda huona chanzo cha Nile, bustani ya wanyama ya Entebbe na jumba la makumbusho pale Kitante, yote kwa siku moja au mbili, akiwa darasa la sita, amebanwa watatu kwenye kiti cha wawili, ana daftari la kunakili. Akirudi anaandika insha. Tangu siku hiyo utalii kwake ni somo alilokwisha kufaulu. Nani hurudia mtihani aliofaulu?

MwanaKilembe, umefika kwetu Mutoto ukaandika neno moja tu! Tuambie uliona nini.

#6 MwanaKilembe

Mwalimu, niliogopa kuandika vibaya mila za wenyewe. Lakini umeomba.

Nilisikia kadodi kabla sijaona mtu. Ngoma zimening'inizwa mabegani kwa mikanda, wapigaji wanatembea huku wanapiga, na mpigo ule hauingii masikioni, unaingia magotini. Hata mimi Mkonzo nilijikuta nakwenda nao. Kijana mmoja alikuwa amepakwa machicha ya pombe na unga mwili mzima, umekauka na kupasuka kama udongo wa ziwa lililokauka. Alipofika alisimama na fimbo ameilaza mabegani, macho juu. Mimi nilikuwa nyuma ya mwanamke wa makamo aliyeshika kitambaa cha mkono. Sikukiona kisu. Niliona kitambaa kile kikikunjwa, kikikunjwa, mpaka kikawa kidogo kama punje. Kisha filimbi ikalia, watu wakapiga kelele, na mwanamke yule akakifungua kitambaa, akajifuta jasho, akaanza kucheza. Ndipo nikajua alikuwa mama yake.

Hakuna aliyeniuliza nimefiwa na nani. Mutoto ndipo mahali pekee.

#7 DadaWaMakindye

Nimesoma nimesisimka. Agosti hii ya 2025 nitakuja kuiona.

#8 MwalimuElgon

Dada, utakuta uwanja mtupu! Imbalu ni mwaka unaogawanyika kwa mbili: 2022, 2024, kisha 2026. Mwaka huu njoo Sipi uone maporomoko yake matatu, na utwange kahawa kwa mkono wako mwenyewe kwenye boma la mkulima. Ukija usiondoke bila kula malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga.

Na MwanaKilembe, umeona sawa. Mama akilia, kijana huyumba.

#9 DerevaWaUsiku

Naomba niwapinge wote. Mimi naendesha basi la magharibi mwaka wa kumi na nne. Anayesema watu wa nchi hii hawasafiri aje kituoni tarehe 23 Desemba. Watu wanapanda kupitia madirishani, kuku chini ya viti, godoro juu ya paa, na nauli ya elfu arobaini inafika elfu themanini. Kampala inabaki na mbwa na askari.

Kwa hiyo watu wanasafiri. Kinachokosekana ni kushuka njiani. Abiria wangu wanapita mstari wa ikweta pale Kayabwe wamelala. Wanapita mfereji wa Kazinga, viboko wako chini ya daraja, wamelala. Siku moja basi liliharibika karibu na pale Kazinga, kampuni niliyokuwa nayo wakati huo ilikuwa haibadilishi vipuri mpaka vikatike. Tulikaa saa tano. Watu walikasirika saa ya kwanza. Saa ya pili wakaanza kupiga picha. Saa ya nne mzee mmoja wa Bushenyi aliniambia, "Dereva, nimepita hapa miaka thelathini."

Zamani treni ya Kasese ilienda polepole, ukaona nchi. Reli ilifika Kasese 1956, na abiria waliacha kuipanda miaka ya 1990. Mimi nasema utalii wetu ulikufa na ile treni.

#10 MwanaKilembe

DerevaWaUsiku, baba alikuwa akiisimulia treni ile! Alisema walikuwa wakinunua gonja choma dirishani.

#11 PetroWaNkozi

Mmesahau hija. Kila tarehe 3 Juni Namugongo inajaa watu wanaokuja kwa miguu kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Mimi nimetembea mara nne kutoka Masaka. Huko ndiko mashahidi 22 wa Kikristo walichomwa moto siku ile ya 1886.

Ila nisiseme uongo, hija si matembezi. Anayekwenda Namugongo kupiga picha amekosea njia. Kwa hiyo MwanaKilembe, ile ya Juni iondoe kwenye hesabu yako.

#12 MwanafunziWaHistoria

Petro, rekebisha kidogo. Wote 22 hawakuchomwa siku moja wala mahali pamoja. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa Novemba 1885. Denis Ssebuggwawo aliuawa Munyonyo Mei 1886. Wengine waliuawa njiani. Karoli Lwanga alichomwa tarehe 3 Juni, peke yake, kabla ya wenzake. Na 22 ni Wakatoliki, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Waanglikana wana wao 23, na mahali pao pa ibada ni hapo jirani.

#13 HajatiWaBombo

Na Waislamu je? Kabla ya hao wote, miaka ya 1870, Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutesa wa Kwanza aliwaua vijana Waislamu hapohapo Namugongo, waliokataa kula nyama aliyochinja asiye Mwislamu. Msikiti upo pale. Mahujaji wengi wanaupita bila kujua.

#14 PetroWaNkozi

Hajati, nimepita pale mara nne na sikujua. Mwaka huu nitasimama.

#15 MwanaKilembe

Petro, siiondoi. Mle kanisani nguzo ni 22, za shaba. Niliweka mkono kwenye moja, baridi, nikamkumbuka baba aliyeitoa shaba ardhini maisha yake yote. Sikupiga picha. Kama ile si hija, sijui niiite nini, na kama si matembezi, miguu yangu inakataa.

#16 DadaWaMakindye

Kasubi iko wazi? Nilisikia iliungua 2011 ikabaki majivu.

#17 MwanafunziWaHistoria

Ni tarehe 16 Machi 2010, usiku. Nyumba kuu, Muzibu-Azaala-Mpanga, yenye makaburi ya Mutesa I, Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, ikaiondoa humo mwaka 2023 baada ya kujengwa upya.

#18 MwanaKilembe

Dada, nenda, ukavae gomesi au leso ndefu. Mimi kilichonishika ni ile nyasi ya paa. Unainua shingo, pete juu ya pete, 52 kwa hesabu ya wenyewe, kila pete ukoo mmoja wa Buganda. Na ndani vitambaa vya magome ya mutuba vimening'inia, rangi ya udongo uliolowa. Ndiyo maana Mei nilikwenda Mpigi kuona vinavyotengenezwa. Fundi analaza gome juu ya gogo, analipiga kwa nyundo ya mbao yenye michirizi, na gome jembamba kama mkono wangu linafunguka mpaka linatosha kitanda. Mti hauuawi. Wanaufunga jeraha kwa majani ya mgomba kama mgonjwa, na mwakani unatoa gome jingine.

#19 MhayaWaMutukula

Habari majirani. Sisi upande wa Bukoba tunayasema hayohayo. Mimi naona ni kuamini kwamba mbuga na milima ni mali ya wageni. Nilipomwambia mjomba wangu wa Mbarara nataka kwenda Bwindi kuona sokwe wa milimani alidhani nimeajiriwa huko. Hakujua kwamba kwa bei iliyoanza Julai 2024 mwana Afrika Mashariki analipa laki tatu za Uganda, wakati mgeni kutoka Ulaya analipa dola 800.

#20 BusiaMpakani

Laki tatu ni karo ya mtoto kwa muhula, ndugu Mhaya! Umenisaidia hoja yangu ya #2.

#21 MhayaWaMutukula

Basi njoo Bukoba mwezi wa Novemba, bure kabisa, ule senene wa kweli. Hao wa Masaka ni wembamba.

#22 DadaWaMakindye

Ondoa jina la Masaka kinywani mwako! Nsenene za Masaka unazikaanga bila tone la mafuta, zinajikaanga kwa mafuta yake zenyewe, kitunguu kidogo, chumvi, basi. Usiku mabati yamesimamishwa, taa kali zinawaka, zinanyesha kama mvua ndani ya mapipa.

#23 PetroWaNkozi

Nami ni wa ukoo wa Nsenene, siwezi kuzila hata kwa dawa, ni mwiko wetu. Lakini nazikamata vizuri kuliko nyinyi nyote, nikawauzie.

#24 AbwooliKabarole

MwanaKilembe, umekuja kwetu Empango tarehe 12 Septemba na hukusema ulipewa empaako gani! Mgeni haondoki Toro bila empaako. Amooti, Akiiki, Ateenyi, Adyeeri, Araali, Apuuli... Mtu akikuita kwa empaako amekuheshimu na amekupenda kwa pamoja. Okaali tu ndilo hatumpi mtu, ni la mfalme.

Na Amabere ga Nyinamwiru ulifika? Ni pango nje ya mji, mawe yananing'inia kama matiti na kudondosha maji meupe. Mfalme Bukuku alimkata matiti binti yake Nyinamwiru ili asipate mume, maana aliaguliwa kwamba mjukuu atamuua. Bado akamzaa Ndahura.

#25 MwanafunziWaHistoria

Maji ni meupe kwa sababu ya chokaa inayoyeyuka mwambani na kugandia matone yanapokauka. Pia majina ya empaako yanaaminika kuja na Waluo kutoka kaskazini, ndiyo maana Mtooro hawezi kukueleza maana ya "Abwooli" kwa Kitooro.

#26 AbwooliKabarole

Bibi yangu alinieleza vizuri tu, Abwooli ni paka! Na hadithi aliyonipa yeye ilikuwa na jicho pia, Bukuku alimtoboa jicho moja. Jina Nyinamwiru lilikuja baadaye, kwa sababu mtoto alilelewa na mfinyanzi, mtu wa kawaida, ikawa "mama wa mwiru". Chokaa iwe chokaa. Bibi hakuwahi kusema haikuwa chokaa.

#27 DerevaWaUsiku

Jinja hamjaisema. MwanaKilembe, chanzo cha Nile ulikionaje?

#28 MwanaKilembe

Nilitafuta maporomoko ya Ripon niliyoyasoma shuleni, yale aliyoyaona Speke mwaka 1862. Mwenye mtumbwi akanionyesha maji yanapochemka kidogo, akasema yako chini yetu. Yalizama bwawa la Owen lilipofunguliwa 1954. Bujagali nayo ikazama kwa bwawa jingine, miaka hii yetu. Niliumia, nikawaza: tukisubiri mpaka tufiwe ndipo tutembee, mengine tutakuja kuyakuta yameshazikwa yenyewe.

#29 HajatiWaBombo

Ndiyo maana nasema, mkienda msibani muondoke siku moja mapema. Msiba una chakula, una malazi, una watu wanaowajua wenyeji. Ni nini kinachokosekana?

#30 AfandeMstaafu

Hajati, kinachokosekana ni ruhusa ya moyo. Mfiwa akionekana pangoni anacheka, watu watasema nini?

#31 HajatiWaBombo

Watasema marehemu aliwaleta watu wake pamoja, afande.

#32 MwanaKilembe

Nimeyasoma yote mara mbili, bado sijui nimwamini nani. Gogo la afande linaniingia. Pesa ya Busia inaniingia. Ila leo asubuhi mama amenipigia kutoka Kilembe. Shangazi aliyeolewa Fort Portal ana ibada ya kumkumbuka mumewe mwezi ujao, nami nimpeleke. Nikamsomea post ya Abwooli kuhusu pango. Akanyamaza. Kisha akauliza kama mtu wa miaka sabini anaweza kushuka mle, na kama viatu vyake vya kanisani vitateleza.

#33 AbwooliKabarole

Vitateleza. Mletee raba. Na mje kabla mvua za Machi hazijaanza, njia ya kushukia ina tope, nitawasubiri juu na fimbo mbili. Mama ana empaako?

#34 MwanaKilembe

Hana.

#35 AbwooliKabarole

Mwambie achague mwenyewe kabla ya kufika, ili tumwite vizuri akishuka garini.